Je, Wajua? Chumvi ya Kusi Huunguza Vihami vya Umeme

Kuanzia Diani hadi Msambweni, pwani ya Kenya, upepo wa kusi hurusha chembe za chumvi kutoka baharini hadi kwenye nguzo za umeme. Chumvi kavu haina neno. Umande wa alfajiri ukiilowesha, mkondo mdogo wa umeme hutambaa juu ya kihami cha plastiki (kifaa kinachozuia umeme usipite kwenye nguzo), ukapasha joto na kukausha sehemu ndogo. Hapo palipokauka ndipo cheche huruka. Cheche huunguza plastiki ikawa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mstari huo mweusi hurefuka hadi umeme uvuke kihami chote, na taa zizimike.

Kebo za chini ya ardhi nazo hazijasalimika: unyevu na nguvu ya umeme huchora ndani ya polithini inayozifunika vijinjia vyenye matawi kama ya mti. Japani iliripoti jambo hili mwaka 1969.

Kwa vihami vya nguzoni, mpira wa silikoni hustahimili chumvi zaidi, kwani mafuta yake mepesi hupanda juu na kuyafanya maji yabaki matone. Na manyunyu ni hatari kuliko mvua kubwa: mvua huosha chumvi, manyunyu huilowesha tu.