Umaskini wa Rangi u Wapi?

Mwanafunzi wangu mmoja alidai darasani kwamba Kiswahili ni lugha maskini, kwani kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyinginezo, alisema, zimeazima majina ya vitu. Wenzake wengi waliafiki.

Kabla ya kuihukumu lugha, niliwaomba tulichunguze jicho. Katika ukuta wa nyuma wa jicho la binadamu mna mamilioni ya seli zipokeazo nuru. Zile zinazotuwezesha kupambanua rangi ni za aina tatu pekee: moja huitikia zaidi mawimbi marefu ya nuru, ya pili yale ya wastani, na ya tatu mafupi. Mwingereza Thomas Young alilidokeza jambo hili karne mbili zilizopita.

Seli ya manjano haipo. Nuru ya manjano iingiapo, aina mbili za kwanza husisimka pamoja, nao ubongo ukaamua kuwa hayo ni manjano. Nuru nyekundu ikichanganywa na ya kijani kwa kiasi kifaacho, seli hizo husisimka vivyo hivyo, na uamuzi huwa ule ule. Sikio la mwanamuziki hupambanua sauti mbili zinazolia pamoja, jicho haliwezi. Asiyesadiki na adondoshe tone dogo la maji juu ya kioo cha simu, penye picha ya embe bivu. Ataona vitone vyekundu na vya kijani; cha manjano hakimo.

Je, jicho nalo tuliite maskini? Sidai kwamba seli hizo tatu ndizo chimbuko la vivumishi vyetu vitatu. Idadi hiyo ni sadfa tu. Ninalosema ni kuwa uchache wa mizizi si uchache wa uwezo. Mswahili alitazama jani akapata kijani, jivu akapata kijivu, na tunda la mzambarau likampa zambarau. Mwingereza naye alilipa chungwa na rangi yake jina moja, wala hatumwiti maskini.

Mwanafunzi yule anasomea ualimu. Akiamini kwamba lugha yake haimudu sayansi, watoto atakaowafundisha wataamini hivyo pia. Somo lile la jicho nililitoa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeniomba nimfasirie.