Bakteria Hujuaje Dawa Imefika?

Wakaazi wengi wanaifahamu tetrasaiklini. Wagonjwa huandikiwa hospitalini, na dawa ya jamii hiyo hiyo, oksitetrasaiklini, hudungwa ng'ombe na mbuzi au kuchanganywa katika maji ya kuku. Dawa ya kwanza ya jamii hii ilitangazwa mwaka wa 1948. Leo kuna bakteria wengi ambao haiwawezi tena.

Tetrasaiklini humzuia bakteria kutengeneza protini, naye hushindwa kukua na kuzaana. Baadhi ya bakteria sugu wana jeni ya kuunda pampu ndogo sana inayoitoa dawa nje kabla haijawadhuru.

Hata hivyo, pampu hizo zina gharama. Bakteria anayeziunda bila sababu hudhoofika. Kwa hivyo ana protini ya kuzuia, iitwayo TetR. Hii hujishikiza kwenye DNA karibu na jeni ya pampu, na jeni hiyo haisomwi. Tetrasaiklini inapoingia, hunasa kwenye TetR, ambayo hubadilika umbo na kuiachilia DNA. Papo hapo pampu zinaanza kuundwa. Yaani dawa yenyewe ndiyo inayofungua kufuli.

Linalotia wasiwasi ni kwamba TetR huitambua dawa hata ikiwa kidogo mno kuweza kumzuia bakteria. Ndiyo maana vidonge viwili vilivyobaki nyumbani, au dozi ya kukisia zizini, vina madhara: bakteria sugu wanajihami, wasio sugu wanapungua, na sugu wanabaki na nafasi ya kuongezeka. Isitoshe, bakteria hupeana jeni hizi, hata wale wa aina tofauti. Usugu ulioanzia kwa mifugo unaweza kuwafikia watu.

Wakaazi wanahimizwa:

• Kutonunua antibiotiki bila kuandikiwa na mhudumu wa afya. Haziponyi mafua.

• Kumeza dawa kwa kiwango na siku walizoelekezwa, na kutogawana.

• Kumwita daktari wa mifugo kabla ya kutibu wanyama.

• Kutouza maziwa, mayai wala nyama kabla ya kuisha kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa.

Ukitumia dawa na usipate nafuu, usiongeze dozi mwenyewe. Rudi kituo cha afya upimwe.