Tusimsingizie Fisi Maji

Si jambo geni katika visiwa vya Ziwa Victoria, tokea Ukerewe hadi Kome, kumsikia mvuvi akilalamika alfajiri kwamba wavu wake umetobolewa na samaki wameliwa. Mshitakiwa huwa ni mmoja: fisi maji. Hukumu nayo huwa ni moja: rungu. Lawama hii hatuikubali yote, nasi tunazo sababu.

Ni kweli kwamba fisi maji hula samaki, na pengine huwachopoa walionaswa akauacha wavu na tundu. Hasara hiyo si ndogo kwa mtu ambaye wavu ndio shamba lake. Lakini tumtazame mnyama mwenyewe. Fisi maji mwenye madoa shingoni, anayeishi ziwani humu, ana uzito wa kilo 4 hadi 6 hivi. Chakula chake ni samaki wadogo, ambao mara nyingi hawazidi sentimita 20, pamoja na kaa na vyura. Sangara mkubwa auzwaye viwandani hamwezi.

Basi ni nani aliyepunguza samaki? Sangara aliletwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuenea, na aina nyingi za furu, waliokuwa kitoweo cha wanyonge na cha fisi maji vile vile, zikatoweka. Kokoro, ingawa limepigwa marufuku, huzoa samaki wachanga ufukweni. Matete na mafunjo hufyekwa ili kupata mashamba, na mvua ikinyesha udongo huteremka mitoni na kuyachafua maji. Haya yote hakuyatenda fisi maji. Wahenga walisema: nyani haoni kundule.

Tena mnyama huyu ni shahidi. Yeye huwinda kwa macho, kwa hiyo humwia vigumu kuishi penye maji ya tope. Mto uliozoea kuwa na fisi maji, na nguchiro wa majini kando yake, ukiwakosa, hatuna budi kujiuliza kama mto huo haujaanza kuugua. Kisiwani Rubondo, palipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, fisi maji wangali wakionekana, na mazalia ya samaki yanalindwa pamoja nao.

Kwa wananchi wa visiwani tunasema: tusiwaue wanyama hawa, wala tusitege nyavu katikati ya matete, maana humo fisi maji hunaswa akafa kwa kukosa pumzi, na wavu ukaharibika pia. Kwa viongozi tunasema: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria hiyo isilale makabatini. Mabwana samaki nao wafike mialoni, wawasikilize waliopata hasara na kuwaelimisha, badala ya kungoja ofisini mashitaka yaletwe.

Fisi maji akitoweka, mvuvi hatapata samaki zaidi. Atakuwa amempoteza jirani aliyekuwa akimwonya mapema kwamba maji yanaharibika.