Ikombe, Kwao Wafinyanzi wa Ziwa Nyasa

Sisi Wakenya tukivuka mpaka kwenda Tanzania, wengi huishia Arusha, Dar es Salaam au Zanzibar. Kyela iko upande wa pili kabisa wa nchi hiyo, mkoani Mbeya, jirani na Mto Songwe unaoitenga na Malawi. Ni tambarare yenye mvua nyingi, mpunga na kakao, na mchele wake unaonukia unasifiwa hadi Dar es Salaam.

Kutoka mjini Kyela, kupitia Ipinda, utafika Matema, kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa. Hapo tambarare hukatika ghafla. Milima ya Livingstone huteremka moja kwa moja hadi majini, na chini yake, kwenye rasi ndogo, wanaishi Wakisi wa Ikombe. Kwa miaka mingi watu wamefika huko kwa mtumbwi au kwa miguu.

Ukitaka kuielewa historia ya Ikombe, tazama ardhi yake kwanza. Pa kulima ni haba, tena ni mteremko mtupu. Wanaume wakashika uvuvi wa usipa na mbasa. Wanawake wakashika udongo. Vyungu vikapakiwa mitumbwini, vikapelekwa kwa Wanyakyusa wa tambarare na Wakinga wa milimani, vikarudi chakula. Shamba la Mkisi likawa chungu chake.

Mfinyanzi wa huko hatumii gurudumu. Hukaa chini, miguu kainyoosha, bonge la udongo likiwa mbele yake. Mkono mmoja huzungusha, mwingine huvuta ukuta wa chungu juu, mpaka uwe mwembamba kuliko unavyotarajia kwa kazi ya mikono mitupu. Kikikauka hupakwa rangi nyekundu na nakshi nyeupe, kisha huchomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Binti hujifunza kwa kukaa karibu na mama yake.

Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia Unyakyusa, na baada ya muda mfupi wakafungua kituo Ikombe. Kusini zaidi, Lumbila, serikali ya Wajerumani ilijenga makao yake, ikayaita Langenburg. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilisafirishwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire kabla ya kuunganishwa. Malaria iliwaandama Wajerumani hao, wakahamia juu, Tukuyu. Vitabu vimeijali sana meli ile, na mimi naona hiyo ni dhuluma: dola yenye bunduki ilishindwa kukaa ufukweni, ilhali wanawake wenye udongo walikuwapo kabla yake na wapo hadi leo.

Soko lao ni Lyulilo, karibu na Matema, kila Jumamosi. Vyungu hushushwa kutoka mitumbwini, vikapangwa kwa ukubwa. Mnunuzi hukiinua chungu, akakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri, hakina ufa. Kutoka hapo husafiri hadi Tukuyu na Mbeya. Ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya mitungi mingi ya maji, na sufuria nazo zimeingia jikoni, lakini wapishi wa maharage bado wanatafuta vyungu.

Anayetaka kuwaona wakifinyanga aende kiangazi, baada ya Mei, maana mvua za Kyela zikishika, vyungu vibichi havikauki.