Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ng'ambo ya ziwa letu, msafiri atokaye Mwanza kuelekea kaskazini huifikia Kampala, na juu ya kilima chake Chuo cha Makerere. Hapo ndipo Bibi Margaret Trowell, mchoraji wa Kiingereza aliyesoma katika shule ya Slade, London, alipoanza kufundisha uchoraji mwaka 1937. Wako wasemao ya kwamba mgeni amfundishaye Mwafrika kuchora humnyang'anya macho yake. Neno hili yafaa tulipime.

Bibi huyo hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya waziige. Aliwasimulia jambo, kisha kila mmoja akachora alivyoliona moyoni mwake. Mwanafunzi wake mmoja, Ndugu Sam Ntiro wa Machame, alikwenda Slade hiyo hiyo mwaka 1952. Je, alirejea Mwingereza? Hasha! Aliendelea kuchora wakulima wa Kilimanjaro katika kazi zao za pamoja. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York liliinunua picha yake ya watu wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku.

Mwaka 1958 alikuja mwalimu mwingine, Cecil Todd wa Afrika Kusini, akawafungulia wanafunzi habari za wachoraji wa Ulaya, wa kale na wa kisasa. Nalo lilikuwa jema, maana kumficha mtu ulimwengu ni kumfanya mtoto daima.

Basi hatari haimo katika kujifunza kwa mgeni, bali katika kusahau cha nyumbani. Hapa Usukumani, Wayeye, wachezaji wa nyoka, walichora kutani kabla Makerere haijajua rangi. Hans Cory, mzaliwa wa Austria, alizinakili picha hizo, na kitabu chake kikachapwa London mwaka 1953. Kuta za udongo huanguka. Je, kijana wa Mwanza ajifunze habari za babu zake kutoka London?

Walimu, wapelekeni watoto kwenye Makumbusho ya Bujora. Nasi wafanyakazi, tutundikao ukutani kalenda zenye milima ya theluji ya Ulaya, tununue kazi ya mchoraji wa mtaani kwetu. Mgeni ameleta brashi. Cha kuchora tunacho wenyewe.