Je, miaka 35 ni uzee kwa mkimbiaji?

Wengi wa wagonjwa wanaofika kliniki wakiwa na umri wa miaka 38 au 40 husema kwamba siku zao za mazoezi zimepita. "Daktari, umri umenitupa mkono," hulalamika, huku kitambi kikizidi kuongezeka. Je, wewe pia ni mmoja wao? Basi hebu tazama yaliyowatokea wanariadha wa masafa marefu.

Eliud Kipchoge, aliyezaliwa Novemba 1984, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Mwaka uliofuata alijaribu marathon kwa mara ya kwanza, akashinda mjini Hamburg. Rekodi yake ya dunia ya saa 2:01:09 aliiweka Berlin mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 37. Naye Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathon ya Olimpiki ya mwaka 1984 akiwa na umri huohuo.

Ni kweli kwamba wapo vijana wanaong'aa mapema. Marehemu Kelvin Kiptum alivunja rekodi hiyo ya Kipchoge mwaka 2023 huko Chicago akiwa na miaka 23 tu. Hata hivyo, wakimbiaji wengi wa marathon hufikia kilele kati ya miaka 27 na 35 hivi.

Sababu ni gani? Mbio fupi hutegemea misuli ya nguvu za ghafla, ambayo huanza kudhoofika mapema. Usain Bolt aliweka rekodi yake ya mita 100 mwaka 2009 akiwa na miaka 22. Marathon hutegemea mambo yanayojengwa polepole: moyo unaosukuma damu nyingi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu inayoongezeka ndani ya misuli, na mwili uliojifunza kukimbia bila kupoteza nguvu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki huchukua miaka mingi kujaa.

Bila shaka umri una gharama yake. Kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo hukadiriwa kwa kutoa umri wako kutoka 220. Mtu wa miaka 25 hufikia takriban mapigo 195 kwa dakika, na wa miaka 45 takriban 175. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni nao hushuka kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi baada ya umri wa miaka 30. Lakini sikiliza jambo hili: kwa wanaoendelea kufanya mazoezi makali, upungufu huo unaweza kuwa nusu tu. Kumbe sehemu kubwa ya tunachokiita uzee ni matokeo ya kukaa kitako.

Wewe hutafuti medali, bali moyo wenye afya. Ikiwa umepita miaka 40, au una shinikizo la damu, kisukari au mazoea ya kuvuta sigara, mwone daktari akupime kabla ya kuanza kukimbia. Usikurupuke ukakimbia kilomita kumi Jumamosi moja baada ya kukaa miaka kumi afisini.

Anza kwa kutembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Unaweza kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwako. Baada ya wiki kadhaa, kimbia dakika moja na utembee mbili, kisha uongeze kidogo kidogo. Pumzika siku moja kati ya siku za kukimbia, kwa maana misuli ya mtu mzima huchelewa kupona.

Ukihisi maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, simama mara moja na uende hospitalini. Usijikaze kiume.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Moyo wako nao hautazeeka upesi ukiupa kazi, mradi tu uipime kazi hiyo kulingana na umri wako.