Wachina wa Minnesota: Kipande, pasi na hati ya nyumba

Inapotajwa miji ya Minneapolis na Saint Paul katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, wasomaji wetu wengi huwakumbuka kwanza Wasomali wa mtaa wa Cedar-Riverside, na pengine Wakenya na Waoromo wanaoishi jirani nao. Ni wachache wanaojua kwamba zaidi ya karne moja kabla ya wimbi la wakimbizi wa Kisomali wa miaka ya 1990, kulikuwa na wageni wengine waliopita njia hiyo hiyo. Hao ni Wachina, na katika makala yetu ya leo tunaangalia jinsi walivyobaguliwa kwa sheria na kwa mazoea, na namna walivyojijengea jamii ugenini.

Wachina wa mwanzo waliingia Minnesota katikati ya miaka ya 1870. Wengi wao hawakutoka China moja kwa moja, bali walitoka California na maeneo mengine ya magharibi, ambako Wachina walikuwa wamechimba dhahabu na kutandika reli. Kazi ilipopungua, walianza kulaumiwa kuwa wanawanyang'anya wazungu riziki. Mnamo Septemba 2, 1885 wachimba makaa wa Kichina wasiopungua 28 waliuawa na kundi la wazungu katika mji wa Rock Springs, Wyoming. Novemba mwaka huo huo, Wachina wote wa mji wa Tacoma walifukuzwa na kundi la watu ambalo meya mwenyewe alikuwemo. Reli ya Northern Pacific, iliyokamilika mwaka 1883, iliwapa njia ya kukimbilia mashariki.

Hata hivyo, sheria iliwafuata popote walipokwenda. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur alitia saini Sheria ya Kuwazuia Wachina, iliyopiga marufuku kuingia kwa vibarua wa Kichina kwa muda wa miaka 10 na kuwanyima Wachina haki ya kuomba uraia. Mwaka 1892 marufuku hiyo iliongezwa miaka 10 mingine, na vibarua wa Kichina wakatakiwa kuwa na hati ya ukaazi. Aliyekamatwa bila hati alikabiliwa na kufukuzwa nchini, na kama alitaka kuthibitisha kwamba ni mkaazi halali, ilimbidi alete angalau shahidi mmoja mzungu.

Wasomaji wetu wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ni kipande, kile kile ambacho serikali ya kikoloni iliwavika babu zao shingoni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Huko Minneapolis na Saint Paul, Wachina wengi walifanya udobi. Kazi hiyo haikuhitaji mtaji mkubwa wala Kiingereza kingi. Ilitosha kuwa na maji, sabuni, pasi nzito ya chuma na mgongo usiochoka. Kwa kuwa kila dobi alitafuta wateja wake, maduka yao yalitawanyika mjini, na hapakuzuka mtaa wa Wachina kama ule wa San Francisco. Mtu aliishi nyuma ya duka lake, mara nyingi peke yake, kwani sheria ilikuwa imemfungia mke nje ya nchi.

Ni kwa sababu hiyo kisa cha Liang May Seen kinastahili kukumbukwa. Alizaliwa katika jimbo la Guangdong, akauzwa akiwa msichana mdogo na kupelekwa kwenye danguro mjini San Francisco. Mwaka 1889 alifanikiwa kutoroka na kupata hifadhi katika nyumba ya wamisionari. Mwaka 1892 aliolewa na Woo Yee Sing, mfanyabiashara wa Minneapolis aliyeanza na udobi, na ambaye pamoja na ndugu yake alifungua mmoja wa mikahawa ya kwanza ya Kichina mjini humo katika miaka ya 1880. Liang anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kichina kuishi Minneapolis, na baadaye alifungua duka lake mwenyewe.

Familia hiyo ilikuwa na mafungamano na kanisa la Westminster, ambalo kuanzia mwaka 1882 liliendesha shule ya Jumapili kwa ajili ya Wachina. Madobi walikwenda huko kusoma Biblia na pia kujifunza Kiingereza, kukutana wao kwa wao, na kufahamiana na wenyeji. Katika nchi ambayo neno la Mchina mbele ya afisa wa uhamiaji halikuwa na uzito bila ya mzungu kulithibitisha, kufahamiana huko kulikuwa na faida zaidi ya salamu.

Njia nyingine ya kujiokoa ilikuwa mkahawa. Sheria iliwaruhusu wafanyabiashara kwenda China na kurudi, na pia kuleta jamaa zao, lakini dobi alihesabiwa kuwa kibarua. Mwaka 1915 uamuzi wa mahakama uliwaweka wenye mikahawa mikubwa katika kundi la wafanyabiashara. Kote Marekani Wachina walianza kuchanga fedha na kufungua mikahawa kwa ubia, huku wakipokezana umeneja kwa zamu ili kila mmoja apate hadhi hiyo na kuleta watu wake. Ni kama upatu, ila zawadi ya zamu haikuwa fedha bali mtoto au ndugu kushuka melini. Minneapolis nayo ilipata mkahawa mashuhuri wa Nankin mwaka 1919, ambao ulidumu hadi mwaka 1999.

Ubaguzi haukuishia bandarini. Mwaka 1910 iliandikwa Minneapolis hati ya nyumba yenye sharti kwamba mali hiyo isiuzwe wala kukodishwa kwa mtu wa asili ya Kichina, Kijapani, Kituruki au Kiafrika, miongoni mwa wengine. Masharti ya aina hiyo yalienea katika maelfu ya hati, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamekuwa wakiyachambua na kuyaweka kwenye ramani tangu mwaka 2016. Inafaa kuashiria hapa kwamba Mchina na Mwafrika walifungiwa mlango mmoja, kwa sentensi moja. Jimbo lilipiga marufuku masharti mapya ya aina hiyo mwaka 1953.

Sheria ya 1882 ilifutwa Disemba 1943, wakati China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani, lakini nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Mlango ulifunguka kweli kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965. Miongoni mwa waliofika kabla ya hapo ni Leeann Chin, mzaliwa wa Guangzhou aliyekuja Minnesota mwaka 1956. Alishona nguo, akawapikia wateja wake, akafundisha mapishi, na mwaka 1980 akafungua mkahawa huko Minnetonka, ambao ulizaa mikahawa mingi yenye jina lake.

Je, mambo yamekwisha? La. Ugonjwa wa Corona ulipozuka mwaka 2020, watu wenye sura ya Kiasia walitukanwa na kushambuliwa katika miji mingi ya Marekani, na Minnesota ililazimika kuweka simu maalumu ya kupokea malalamiko ya ubaguzi. Mei 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kukabiliana na uhalifu huo wa chuki.

Na Disemba 2025, Rais Donald Trump alipowatolea Wasomali wa Minnesota maneno ya kuwadhalilisha, huku maafisa wa uhamiaji wakimiminwa Minneapolis na Saint Paul, Wasomali wenye uraia kamili walianza kutembea na pasi za kusafiria mifukoni. Kipande kilikuwa kimerudi, safari hii bila hata sheria ya kukidai.

Lakini ipo tofauti moja kubwa. Mchina wa mwaka 1892 hakuweza kuwa raia wala kupiga kura. Watoto wa wageni waliozaliwa Marekani ni raia kutokana na kesi ya Wong Kim Ark, Mchina mzaliwa wa San Francisco aliyeshinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1898, na ndiyo maana amri ya Januari 2025 ya kupunguza haki hiyo ilipingwa mahakamani mara moja. Mama wa Kisomali anayejifungulia Minneapolis ana deni kwa mtu huyo ambaye pengine hajawahi kusikia jina lake.